Shangazi Hasikii "Ila"

Mama aliyekuja asubuhi ile hakusalimia mtu. Alipita mlango wa kioo wa Kituo cha Uangalizi, pale Same mjini, kama anayeingia shambani kwake kufukuza mbuzi wa watu. Mlinzi wa getini, Chediel, alikuwa nyuma yake anasema, "Mama, subiri kwanza, mama, kuna utaratibu," na yeye hasikii. Kanga moja kiunoni, nyingine begani, viatu vyeupe kwa vumbi la tambarare. Mkononi kashika pumulio.

Mkunde aliliona lile pumulio kabla hajamwona aliyelibeba. Nani wilayani asiyelijua? Kisanduku cha kijivu, ukubwa wa redio ya jikoni, kina mrija na barakoa mwishoni. Tangu ile miaka sita ya vumbi, mvua imegoma na upepo unaamka na mchanga kila asubuhi, watoto wa tambarare walikuwa wanazaliwa vifua vimebana, na wazee nao vifua vimewachoka. Aliyehitaji alipewa kisanduku chake akaenda nacho nyumbani kikamsaidie kupumua. Vilikuwa elfu nne na mia mbili. Hiki cha mkononi mwa yule mama, barakoa yake haikuzidi kifuniko cha chupa ya chai.

"Nataka mtu," yule mama alisema.

"Karibu, mama. Karibu ukae. Unamtaka mtu gani?"

"Aliyekuwa anamwangalia mwanangu."

Mkunde akageuka kutazama chumba, kama vile huyo mtu angetokea. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta mzima wa taa za kijani, taa moja kwa kila pumulio, na pembeni viti kumi na saba vimepandishwa kimoja juu ya kingine, vimefunikwa shuka.

Miaka minane nyuma kila kiti kilikuwa na mtu wake. Toleo la kwanza la mtambo lilipoletwa waliambiwa limekuja kuwasaidia, likaondoka na watu wanne. Toleo la pili likaondoka na watano. La tatu, watatu. La nne halikusema limekuja kusaidia. Lilipiga simu lenyewe, likasikiliza lenyewe, likaamua lenyewe, na watano waliobaki wakapewa keki na vyeti, wakapigwa picha. Akabaki Mkunde peke yake, kazi yake kuweka kidole gumba kwenye kioo cha mtambo kila asubuhi na kila jioni kuthibitisha kwamba mambo ni shwari.

"Anayeangalia ni Shangazi, mama," Mkunde alisema. Maneno yalimtoka yakiwa mepesi, akaona aibu. "Ule mtambo wetu. Ndiye anayewaangalia wote."

"Mimi nakuuliza mtu, wewe unaniambia shangazi! Shangazi yangu yuko Usangi anapalilia maharage. Nataka mtu, dada. Mwenye macho. Nimwulize, anijibu."

Chediel akamgusa begani. "Mama, tutoke tu..."

"Usinishike! Nimetoka kuzika juzi. Ukinishika nitakung'ata."

Chediel akarudisha mkono wake mfukoni.

Jina lake Nakiete. Mtoto alikuwa Mbonea, miezi saba. Alieleza amesimama, pumulio kalikumbatia. Jumanne, saa tatu asubuhi, midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi. Simu ikaita, alikuwa huyo Shangazi wenu. "Nikamwambia. Wallahi nilimwambia. Akanishukuru, akakata. Nikapiga mimi, akapokea yeye yule yule, akaniambia kwangu ni salama, nisiwe na wasiwasi, atanipigia baada ya saa mbili. Saa mbili! Nikamfunga mgongoni nikakimbia naye hadi barabarani. Tulipofika hospitali waliniambia nimechelewa. Mimi! Mimi ndiye niliyechelewa!"

*

Mkunde alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaitafuta ile simu ya Jumanne. Na tuseme ukweli: alitegemea kukuta kosa la mama. Pengine simu ilizimika chaji. Pengine alisahau kumvalisha mtoto barakoa. Miaka yote makosa yalikuwa ya akina mama, taarifa ndivyo zilivyosema, na taarifa aliziandika Shangazi.

Kila pumulio hutuma habari zake kila baada ya sekunde kumi: hewa imeingia kiasi gani, kifua kimepanda mara ngapi. Zikishuka, taa inakuwa nyekundu. Lakini gari halitoki papo hapo, kwa sababu mara nyingi ni mtoto kavua barakoa, au mtu kaukalia mrija. Shangazi hupiga simu kwanza. Akisikia jibu la heri, analifunga jambo, taa inarudi kijani, na nyumba ile haiguswi tena kwa saa mbili ili watu wasisumbuliwe bure. Akisikia la shari, au simu isipopokewa, gari linatoka dakika ile ile. Wataalamu kutoka nje walikuja kuusifia mpango huu. Mkunde mwenyewe aliwapikia chai.

Akabonyeza. Sauti zikajaa chumbani.

"Haloo? Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapo nyumbani?"

"Nzuri, Shangazi. Ila huyu mto..."

"Nafurahi kusikia hivyo. Siku njema, mwanangu."

Simu ikakatwa. Sekunde kumi na moja, mwanzo mpaka mwisho.

"Si umesikia?" Nakiete alisema. "Si nimesema ila?"

"Umesema."

"Sasa?"

Mkunde aliinamisha kichwa, maana aliyemfundisha Shangazi Kiswahili ni yeye.

Enzi zile toleo la nne linaandaliwa, alikaa siku mbili na kijana mmoja wa watengenezaji, mpole, Kiswahili chake cha vitabuni, kompyuta mapajani. Watu wenu wakiwa salama husemaje? Mkunde akamtajia, huku wanakula karanga: nzuri, salama, hatujambo, kwema, poa, tunamshukuru Mungu. Kijana akaandika yote upande wa kijani. Na wasipokuwa salama? Mkunde akacheka. Si watasema, mtoto anaumwa, njooni! Kijana akaandika upande wa nyekundu.

Hakumwambia kwamba huku nyumba ikiungua mtu husema nzuri kwanza. Kwamba unaweza kwenda msibani ukauliza habari za hapa, mfiwa akafuta machozi akajibu nzuri, ila ndiyo hivyo tumempoteza mzee. Kwamba ile nzuri si habari, ni mlango unaofunguliwa, na habari yenyewe iko nyuma yake. Angemwambiaje? Hakuwa anajua kwamba anajua.

Na bado kuna baya zaidi. Mtambo uliletwa na jina la namba na herufi. Mkunde ndiye aliyesema watu hawatapokea simu ya namba, upeni jina la mtu wa nyumbani, upeni sauti ya mama mtu mzima. Uiteni Shangazi. Wakampigia makofi. Kama ungebaki chuma na namba yake, Nakiete angeupigia kelele moja kwa moja: mtoto anakufa! Nani anaipa mashine shikamoo? Lakini shangazi humpigii kelele kabla hujajibu salamu yake. Ulilelewa vibaya?

Mkunde akaandika kwenye kioo: nitafutie simu zote za siku thelathini, aliyejibu kwa heri akakatwa katikati ya "ila", au "lakini", au "sema tu".

Mia mbili na kumi na mbili.

"Hizo ni nini?" Nakiete aliuliza.

"Watu kama wewe," Mkunde alisema. "Na hao ndio wepesi wa kusema, walau waliwahi kufika kwenye ila. Wengine kawakata kwenye nzuri yenyewe. Wale siwezi hata kuwatafuta. Wanafanana na walio salama kweli."

Ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya asubuhi hiyo, dakika ishirini zilizopita. Kijiji cha Kisiwani, mtoto wa miaka miwili. Taa yake ukutani ilikuwa kijani, inang'aa vizuri kabisa.

Mkunde akanyakua simu ya mezani, ile ya waya, akaipuliza vumbi.

"Shikamoo, bibi. Napiga kutoka kituoni Same. Mimi ni mtu, siyo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo wewe?"

"Sijambo, bibi. Habari za hapo?"

"Nzuri tu, mwanangu."

Mkunde akauma mdomo, akanyamaza. Nakiete alikuwa ameinama karibu naye mpaka pumzi zao zikachanganyika. Wakahesabu. Tatu. Nne. Tano.

"Ila huyu mjukuu wangu," bibi alisema taratibu, kama anayeomba radhi, "tangu nimwogeshe kalegea, namwita haitiki. Nimemwambia yule mama wa kwenye simu, akanitakia siku njema. Nikasema basi, labda wao wanajua."

Labda wao wanajua. Mkunde alibonyeza kitufe cha gari kwa ngumi, siyo kwa kidole.

*

Injinia Mbwambo alifika amevaa koti la mkutanoni, anahema. Alikuwa mkuu wa kituo, mtu wa haki, na watoto wake wawili walilelewa na mapumulio.

"Mama Nambua," alimwambia Mkunde kwa jina la mwanawe, "nimesikiliza zile simu njiani. Ni msiba. Watengenezaji nimeshawaandikia. Watarekebisha kwenye toleo la tano."

"Lini?"

"Wiki sita."

"Wiki sita, Injinia! Watu mia mbili kwa mwezi, na hao ni tunaowajua!"

"Siyo wote wanakufa."

"Hebu rudia hapo. Rudia mbele ya huyu mama."

Mbwambo akamwona Nakiete. Akavua miwani. "Pole sana, mama."

"Sijaja kuchukua pole," Nakiete alisema.

"Namvua Shangazi ruhusa ya kufunga," Mkunde alisema. "Aangalie tu. Kila taa nyekundu ije kwetu, mtu apige, mtu asikilize."

"Mtu gani? Uko peke yako! Taa nyekundu mia sita kwa siku! Na ukimvua ruhusa ya kufunga umemvua na ya kupanga ipi itangulie, vimefungwa pamoja. Zitakuja kama zilivyoingia, ya mrija uliokaliwa mbele, ya anayekufa nyuma. Utajuaje uanze na ipi?" Akasogea karibu, sauti akaishusha. "Mkunde. Mwaka wa mwisho wa viti kumi na nane tulizika watu arobaini na mmoja. Unakumbuka? Mwenzenu mmoja alikuwa anaongea na mchumba wake simuni. Mwingine alienda kununua maandazi. Mwaka jana, na Shangazi, tumezika kumi na wawili. Unataka kunirudisha kwenye arobaini na mmoja kwa sababu una uchungu?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana alikuwa hadanganyi. Mkunde alimkumbuka yule wa maandazi. Alikumbuka pia kwamba yule dada alikwenda mwenyewe mpaka Makanya kwa wafiwa, akakaa nao kwenye mkeka siku tatu, na tangu siku ile hakuna aliyetoka kwenye kiti bila kumwachia mwenzake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa nani? Kumi na wawili walikufa, na kila mmoja taarifa yake ilisema mtumiaji hakutoa maelezo sahihi. Kifo chao hakikuwa na mwenyewe, kwa hiyo hakikumfundisha mtu kitu. Mwaka huu kumi na wawili, mwakani kumi na wawili, na taa zote kijani.

"Hao kumi na wawili kawahesabu nani, Injinia?"

"Mfumo."

"Mbonea yumo?"

Mbwambo akafungua kompyuta yake ya mkononi. Akatafuta. Akatafuta tena. Alipoinua uso rangi yake ilikuwa imebadilika. "Imeandikwa... jambo lilifungwa. Alikuwa salama."

Nakiete alicheka, na kicheko kile hakuna aliyekisikia ambaye angependa kukisikia tena.

Kuzima kulitaka kidole kimoja tu, cha mwenye zamu. Kurudisha kulitaka viwili, chake na cha mkuu. Mkunde akaweka kidole gumba chake kwenye kioo.

"Usifanye!" Mbwambo alipiga kelele.

Ukuta ukageuka mwekundu. Taa mia moja na kumi na nane kwa mara moja, zote zilizokuwa zimefungwa tangu asubuhi.

"Chediel!" Mkunde aliita. "Shusha viti!"

*

Walikuwa wanne: Mkunde, Chediel, Nakiete, na Mbwambo mwenyewe, ambaye alitukana kwa Kipare dakika nzima, halafu akavua koti akakaa. Mkunde alituma ujumbe kwenye kundi la wale wa zamani: njooni sasa hivi, kama mlivyo. Kisha akawafundisha wenzake kwa maneno manne. Salimia. Uliza. Nyamaza. Subiri.

Nakiete alilifahamu somo kuliko wote. Alisema shikamoo, alipokea nzuri zao, halafu alinyamaza kimya cha mtu mwenye siku nzima ya kukupa. Na watu wakasema. Ila leo anakohoa makohozi ya kijani. Ila mashine inanuka moshi. Ila mimi mwenyewe, dada, nimechoka, sijalala siku tatu. Wengi walikuwa salama kweli, wakashangaa kusikia mtu. Saba hawakuwa salama. Magari yakatoka saba.

Saa saba wakaanza kuingia wale wa zamani, mmoja ana unga mikononi, mwingine kaacha darasa la nne linaimba peke yake. Ikafika habari kutoka hospitali: mjukuu wa Kisiwani amefungua macho, ameomba uji. Chediel akapiga meza kwa furaha. Mkunde naye alitaka kufurahi, jicho lake likatua kwenye mstari wa sabini na nne wa orodha.

Hedaru. Mzee Kajiru, miaka themanini na mmoja. Nyekundu kwa dakika thelathini na moja.

Alipiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku mkono mwingine unabonyeza gari. Gari lilipofika lilimkuta mzee kaanguka kando ya kitanda, mrija umechomoka, bintiye yuko bombani kuchota maji. Alikuwa bado ana joto.

Chumba kizima kilisikia dereva anavyosema. Mbwambo akaondoa simu sikioni, akaja kusimama mbele ya Mkunde. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Simu isiyopokewa, Shangazi anatoa gari dakika ile ile," alisema. "Dakika ile ile, Mkunde. Huyu angekuwa mzima. Huyu ni wako."

Mkunde alitafuta neno la kujitetea, na yalikuwepo mengi, tena mazuri. Tulikuwa wanne. Ilikuwa siku ya kwanza. Saba wamepona. Aliyatazama yote, akaona yanafanana na taarifa za Shangazi.

"Ni wangu," alisema. "Andika hivyo. Usiandike mfumo, wala mtumiaji. Andika alikufa kwenye zamu ya Mkunde Mshana, alikuwa anaongea na mwingine."

"Weka kidole turudishe mtambo."

"Siweki."

"Atakufa mwingine!"

"Atakufa, Injinia! Kwako anakufa na kwangu anakufa! Kwangu walau kuna shingo ya kukabwa!" Alikuwa anapiga kelele, na machozi yanamtoka kwa hasira. "Viti vimejaa sasa. Kuanzia leo isiyopokewa haisubiri, gari linatoka, iandikeni ukutani kwa chaki. Hilo katufundisha Mzee Kajiru. Mbonea kamfundisha nani?"

Mbwambo alitazama viti, akahesabu watu, kumi na mmoja. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Barua ya rambirambi mtambo unayo tayari. Ni kujaza jina tu."

"Jaza la kwako," Mkunde akamwambia, akachukua mkoba wake.

Kutoka Same mpaka Hedaru alikaa mbele na dereva. Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofika. Uani wanawake walikuwa wanateka maji kwenye pipa, wanaume wanafunga turubai. Binti wa marehemu alikuja kumlaki, mama mtu mzima, kichwa kimefungwa kitambaa.

"Mimi ndiye niliyekuwa zamu," Mkunde alisema. "Baba alikuwa anaomba msaada nusu saa. Niliiona taa yake nikiwa nimechelewa. Nilikuwa naongea na watu wengine."

Yule binti alimtazama, kwanza kama hakusikia. Halafu uso ukabadilika. Alimshika Mkunde kifundo cha mkono, akambana mpaka mifupa ikauma, akamvuta kupita wanawake, kupita turubai, mpaka kwenye mlango wa chumba cha ndani ambako kulikuwa na kitanda na shuka jeupe.

"Usinieleze mimi," alisema, na meno yanagongana. "Mweleze yeye. Mwambie ulikuwa unaongea na nani."

Mkunde akavua viatu, akaingia.